Kabla Hujaniozesha

Bujumbura, Jumatatu 16 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Azzan,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kigoma, wewe, wifi, na mtoto aliyekuwa na homa. Sisi hapa Buyenzi hatujambo. Mguu wa Mama umepungua kuvimba. Hajui kwamba nakuandikia. Barua anakuletea Térence, yule wakala wa bandarini, kwa sababu simu yangu anayo Mama mpaka harusi ipite. Ijumaa wewe ndiye walii wangu. Nakuomba usitamke idhini mbele ya shehe kabla hujafika mwisho wa karatasi hii.

Unamkumbuka Solina wa mchezo wa redioni? Ulipoondoka alikuwa bado mgeni. Sasa ni mwaka wa sita, na kila Alhamisi watu huacha vyungu vikiungua jikoni kwa ajili yake. Ana jumba Kibenga, manukato na madereva wawili, na kila jioni huandaliwa meza ya watu wawili akala peke yake. Hakuna aliyemwona, ni sauti tu. Hata hivyo wanawake huenda kushonesha "gauni la Solina", na kila fundi hushona la kwake. Mwaka jana watunzi walitaka kumwoza. Jirani yetu Sikuzani alipiga simu redioni akiwaka: "Apana! Akiolewa, siye tutabaki na nani?" Posa ikavunjwa.

Bi Miza, mama yake Azhar mchumba wangu, humlilia Solina machozi ya kweli. Lakini husema mwanamke anayemwigiza hana haya, anawauzia sauti wanaume asiowajua, na kwake asingeingia hata kuomba maji. Alisema hayo nikimmiminia chai. Mbele yake huwa nanong'ona. Watu hudhani ni adabu.

Siku ya posa Ami Idi alikuja mlangoni na mashahidi wawili, akauliza kama nimemridhia Azhar. Bi Miza alikuwa amekaa nami kitandani, amenishika mkono. Nilifungua mdomo nikaufunga. Ami akauliza tena, na tena. Kisha akacheka, akawaambia mashahidi kwamba kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake. Vigelegele vikapigwa. Bi Miza akanibusu, akasema hicho ndicho alichonipendea: mkwe asiyesikika.

Tangu niwekwe ndani, redio inarudia vipindi vya zamani. Jana, Sikuzani akinisinga kwa liwa, Bi Miza aliingia akilalamika Solina wao amekwenda wapi. Sikuzani akamjibu: "Labda iko na bwana Dubai, mama, imechoka kula pekee!" Walicheka sana. Bi Miza akanigeukia, akaniuliza mimi naonaje. Nikatikisa kichwa. Akaendelea kunitazama, nikajifanya liwa imeniingia machoni.

Kaka, Solina ni mimi. Yale masomo ya kompyuta ya Kigobe niliyokuwa nikiwaagia hayakuwapo. Alhamisi nilikuwa nakwenda kituoni kuigiza. Siku ile ya posa sikunyamaza kwa haya. Nilijua nikitamka neno moja kwa sauti kamili Bi Miza ataitambua, na Mama atafedheheka mbele ya ukoo wote. Na neno lenyewe lilikuwa "sitaki". Azhar si mtu mbaya. Ila amemwahidi mama yake mke wa kimya, na mimi siwezi kunong'ona maisha yangu yote.

Usidhani nataka kuishi kama Solina. Ile meza ya watu wawili hunitia baridi kila ninapoisoma. Lakini yeye akiulizwa hujibu, na nadhani ndiyo maana wanawake hawataki aolewe.

Basi usiniozeshe juu ya kimya changu. Njoo, usimame mlangoni alipokuwa Ami, uniulize upya Bi Miza akiwapo. Nitajibu kwa sauti ile ile anayoililia.

Msalimie wifi, umbusu mtoto. Mama usimwambie lolote. Nitamwambia mwenyewe ukiwa umekaa kando yangu. Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako anayekungoja,
Najla