Ukuta wa Manjano

Jumatatu, 2 Septemba
Colm mwashi kaanza. Leo kabandua plasta ya saruji upande wa magharibi. Mawe yamelowa chepechepe! Anasema saruji imeibana nyumba, haipumui, inataka chokaa. Kaka Fergal kapiga simu kutoka Dublin: iwe nyeupe, kama Baba alivyoiacha. Sawa. Nyeupe.

Jioni Mama tena — koti, mkoba mkononi. Anataka nimpeleke kwao. Mama, umezaliwa humu humu! Akaniangalia kana kwamba mimi tapeli.

Jumatano, 4 Septemba
Chini ya saruji kuna plasta nyingine, ya kale — ya manjano! Imefifia, kama siagi. Sikujua kabisa. Kumbe Baba aliifunika alipomuoa Mama.

Mama alitoka kufukuza kunguru, akaiona. Akasimama. Akaweka mkoba chini.
"Haya," akasema, "tumefika."

Jioni hakudai kwenda popote. Kala viazi vyote, kaomba vingine. Nimelia jikoni. Kwa furaha? Sijui.

Ijumaa, 6 Septemba
Colm kagonga ile manjano kwa vidole. Inalia kama debe tupu. Imeachana na mawe, anasema. Ikibaki, mvua itapita nyuma yake na ukuta utabomoka. Chumba cha Mama kiko nyuma ya ukuta huo.

Basi tupake manjano mpya! Colm kachanganya rangi, kajaribu kwenye mbao. Mama kazipita zote, hata shingo hakugeuza.

Fergal: "Dada, unatengeneza nyumba au unamtengeneza Mama?"
Nikamkatia simu. Ila swali limebaki kichwani.

Jumanne, 10 Septemba
Mvua tangu alfajiri. Mvua ya huku kwetu Roscommon haina adabu. Colm kafunga turubai, kashika patasi, ananingoja mimi. Nibandue, nisibandue? Jana kipande kilianguka chenyewe.

Mama alikuwa nje, kiganja ukutani, nywele zikichuruzika. Nikamshika mkono tuingie. Akacheka, akanifuta uso kwa leso yake.

"Maskini, umelowa! Ingia ndani, mwanangu, usiogope, hapa ni kwetu. Wewe ni binti wa nani?"

Nikataja jina lake mwenyewe. Akasema hamjui huyo, lakini karibu.

Kanikalisha kiti cha wageni, kanimiminia chai mwenyewe — mwaka mzima hajashika birika! Anaimba. Naandika huku nimekaa kama mgeni, magoti pamoja.

Colm anagonga dirisha. Anataka jibu. Mama kaniambia nisisumbuke, mimi mgeni, mlango atafungua yeye.