Moshi wa Kibuyu cha Hawo

Jumatatu, 4 Agosti
Ng'ombe wamekunywa. Mguu unauma. Leo hotelini Minjila nimeonja vikombe vinne vya maziwa, nikataja vibuyu vya nani na vimefukizwa kwa moshi wa mti gani. Sikukosea hata kimoja. Ulimi kama wangu hakuna, kutoka hapa mpaka Madogo. Hata kuandika nimejifunza uzeeni, darasa la gumbaru, nikawashinda wote.

Jumatano, 6 Agosti
Binti yangu Hawo amerudi safarini. Nimeonja maziwa yaliyobaki kibuyuni. Moshi si wa huku. Mti ule huota ndani ya msitu tu, kule kule walikomfanya mtumwa miaka minne, akiwapikia na kuwafulia watu wa bunduki mpaka akatoroka. Nikambana. Akasema yote kwa sauti ndogo. Anauza maziwa ukingoni mwa msitu, analala kwa bibi mmoja mjane, anatazama nani anaingia na nani anatoka, anawaambia askari.
"Aba, mdomo wako," akasema.
Nikaapa. Mimi nikiapa nimeapa.

Ijumaa, 8 Agosti
Hawo ameondoka tena asubuhi. Naogopa. Pia naona fahari. Fahari ni kubwa zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeharibu.
Galgalo alinichokoza hotelini. Tumechunga pamoja tangu utoto, anajua pa kuchoma. "Wewe na majivuno yako! Binti yako si alifua suruali za wale? Mtumwa ni mtumwa tu."
Damu ikapanda. "Mtumwa? Hawo anaingia kwao na kutoka kama kwake! Onja maziwa yake, utasikia moshi wa msitu wao. Waulize askari!"
Mgeni mmoja pembeni akainuka, akaenda. Chai yake nusu glasi. Anatoka wapi mtu wa kuacha chai ya maziwa?

Jumapili, 10 Agosti
Nimeenda kambini kwa askari, na mguu huu. Nimemwambia mkubwa wao: ni mimi nimesema. Akapiga simu ya Hawo. Imezimwa. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Jumatano, 13 Agosti
Hakuna habari. Naiona glasi ile. Utando juu ya chai. Nikifumba macho ipo, nikifumbua ipo. Sijaenda hotelini.

Ijumaa, 15 Agosti
Hawo yu hai. Askari wamemtoa kichakani, miguu imechanika. Alikuwa ameenda kuteka maji. Watu wa bunduki walipofika walimkuta yule bibi mjane peke yake. Wamemchukua. Alikataa kusema Hawo yuko wapi.
Anaitwa Bibi Dhahabo. Jina lenyewe nimelisikia leo. Nimeliandika mara tatu ili mkono ulijue.
Hawo amefikia kwa shangazi yake. Kwangu hakuja.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimepita kwa dada yangu. Hawo alikuwa uani anaosha kibuyu kwa maji matupu. Akanipa stuli. Neno hakunipa. Bibi Dhahabo hajaonekana.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimerudi hotelini. Galgalo akanisogezea kikombe. "Haya bingwa, ya nani haya?"
Nikaonja. Hayana moshi hata kidogo. Kibuyu kimeoshwa kwa maji matupu. Minjila nzima hakuna mwanamke anayeuza maziwa bila moshi, ila mmoja, tangu juzi.
Nikasema, sijui.
Galgalo akacheka, kisha akaacha kucheka. Nikayanywa mpaka yakaisha.