Shule Isiyochuja Watoto

London, Jumapili, katikati ya Februari. Mwaka wa saba huu tangu nitoke Korogwe.

Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Mgongo unauma. Jana nilipanga maboksi ghalani tangu alfajiri, leo sina zamu, na badala ya kulala naandika, kwa sababu kesho lazima nitoe jibu.

Jambo lenyewe ni hili. Shule moja ya bweni Tanga mjini, ya binafsi, imemshikia binti yangu Shamimu nafasi mpaka kesho. Nikisema ndiyo, anahamia huko, na sekondari anaanzia huko huko. Nikisema hapana, anamalizia darasa la saba pale alipo, shule ya serikali, ile ile niliyosoma mimi. Na nikisema ndiyo, nakaa hapa Edmonton, kaskazini mwa London, miaka miwili zaidi, maana ada ya bweni itatoka kwenye mgongo huu huu.

Tangu chekechea Shamimu alisoma ingilishi midiamu. Basi la njano lilimfuata mlangoni. Alivaa tai. Alipohitimu chekechea walimvisha joho na kofia kama mtu wa chuo kikuu, ana miaka sita, jino la mbele hana. Picha ile niliionyesha kila mtu ghalani, hata msimamizi ambaye hakuniuliza. Mimi niliyeishia kidato cha pili, mwanangu ana joho! Nilijiona nimemaliza kazi iliyonileta duniani.

Desemba wakamchuja.

Si kwamba alifeli. Hakufikisha wastani wa shule, na wastani wanaupanga wao. Wakampa mama yake mawili: akariri darasa la sita au atafute shule nyingine. Sababu kila mzazi anaijua ingawa haiandikwi popote. Mtoto akipata C kwenye mtihani wa taifa anashusha jina la shule, na jina ndilo linalobandikwa barabarani pamoja na picha za waliopata A. Kwa hiyo wanapepeta kabla ya mtihani. Unalipa miaka yote, halafu mwaka wa mavuno mwanao anaambiwa yeye ni pumba.

Mke wangu, Mwajuma, hakuniuliza. Januari akampeleka shule ya serikali. Nilijua siku nilipopiga video nikamwona mtoto ana shati jeupe na sketi ya bluu, shingoni hana kitu.

"Umempeleka Mtakatifu Kayumba!" nikamwambia. Ndivyo tunavyoziita kwetu shule za serikali tukitaka kuzicheka.

"Baba Shamimu," akasema, "huyo Kayumba alikupokea wewe na kaka zako wanne, na mlikwenda peku. Leo kawa mchafu?"

Akakata simu. Siku tatu hakupokea.

Lakini nisiandike uongo hapa. Shule ile imechakaa. Wakati wetu ilikuwa na bustani, ngoma ya gwaride na mwalimu wa kila somo. Sasa darasa la saba wanapita mia moja chumba kimoja, paa la darasa la nne limeezuliwa upande, na vyoo ni aibu kuvisema. Walimu wawili wazuri wamechukuliwa na shule ya basi la njano. Mtoto wa diwani yuko kwenye basi hilo. Mtoto wa mwenye duka la jumla yuko humo humo. Wangu alikuwemo. Kila mwenye sauti alipanda na sauti yake, wakabaki wazazi ambao wakilalamika paa linavuja hakuna anayegeuza shingo. Sikuwahi kuliwaza hili kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa waliopanda.

Ndipo nikatafuta hiyo bweni. Nikamweleza Mama Kevin, Mkenya mwenye kazi ya kutunza wazee, tunayekaa naye nyumba moja. Akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Na hao wakimchuja tena, utampeleka wapi, mwezini?"

Kevin wake anakwenda kwa miguu shule ya pale kona, bure, na mtoto wa daktari anaingia geti lile lile. Hapa nako wenye pesa nyingi wana shule zao, tusidanganyane. Ila sijamsikia mtu akiona haya kusema mwanawe anasoma pale kona.

Kilichonitikisa si Mama Kevin. Ni sauti ya Shamimu.

Wiki mbili zilizopita nilipiga, akaja hewani sauti imemkauka kabisa, kama ya jogoo mchanga. Nikashtuka. Nikamwambia mama yake ampeleke hospitali mara moja. Nikamsikia Mwajuma anacheka.

"Siumwi, baba," Shamimu akasema. "Nafundisha."

Nani kakuambia ufundishe? Mwalimu Hiza.

Mwalimu Hiza ndiye mwalimu mkuu. Alikuja pale msichana mbichi, mimi niko darasa la tatu, na hajaondoka. Safari hii amepokea watoto tisa waliochujwa. Hakuwaketisha pamoja. Kila mmoja kamweka dawati lake na watatu wa pale pale. Asubuhi mgeni anawasomea wenzake Kiingereza kwa sauti, na darasa zima linamfuata. Baada ya uji, wale watatu wanamfundisha yeye hisabati na sayansi kwa Kiswahili, maana alikotoka alikariri tu maneno bila kujua yanasema nini. Siku za Kiingereza za Shamimu ni Jumanne na Ijumaa. Watoto zaidi ya mia, hakuna kipaza sauti. Koo lazima likauke.

Mtoto aliyeambiwa atashusha jina la shule anasimama mbele ya darasa.

Jana saa ya chai nilijibanza nyuma ya ghala nikampigia mwalimu. Jumamosi, na alikuwa darasani. Nilisikia makelele, kisha sauti yake: "Nyie wa nyuma, nawaona!" Kisha kwangu, "Haya, nani?"

"Shikamoo mwalimu. Ni Saidi, baba yake Shamimu."

"Marahaba. Saidi yupi? Yule wa kusinzia?"

"Ndiye."

"Bado unasinzia?"

Nikasema huku hawaturuhusu. Akacheka. Halafu nikamweleza habari ya bweni. Nilitegemea atanibembeleza nimwache mtoto. Hakunibembeleza.

"Mtoto ni wako," akasema. "Mimi vyoo sina, walimu sina, paa unalijua. Siwezi kukuahidi A. Naweza kukuahidi kwamba hapa hakuna atakayemwambia aondoke."

Nikamuuliza mbona yeye hakwenda shule ya basi la njano, nasikia walimwita.

"Wameniita mara mbili. Nikaenda kuangalia. Pazuri, viti vya kuzunguka! Sasa nikikaa kule nazunguka, hawa nimwachie nani, kengele?"

Kisha akaniambia jambo moja nililolala nalo. Pesa zangu hazitaki. Kinachompa shida ni kikao cha wazazi. Wanakuja akina mama na mabibi, wanaume wawili watatu, na afisa elimu anawaangalia kama watu waliokuja kuomba. "Nyie niliowafundisha mkirudi mkakaa kwenye yale mabenchi, mtu atatusikiliza," akasema, akanikatia simu kwa sababu mtoto kamwaga uji.

Mwanamke huyu angeweza kuwa na gari sasa. Amebakiza mwaka mmoja kustaafu na Jumamosi yuko darasani bure. Nimefanya kazi chini ya mabosi wengi hapa, weusi kwa weupe, na sijaona wa kumfananisha naye. Na Mwajuma je? Aliona mbali kuliko mimi, akavumilia matusi yangu, akaningoja mpaka nilipoona mwenyewe. Nampongeza hapa kwa sababu kwenye simu nitashindwa.

Naogopa bado. Huenda Shamimu akapata C. Huenda miaka ijayo akaniuliza kwa nini nilimwacha kwenye dawati la watu wanne. Nitamjibu nini sijui. Nilipomuuliza leo asubuhi anataka wapi, alisema, "Hapa baba. Hisabati sasa naielewa." Akataka kurudi kucheza.

Basi jibu la kesho ni hapana.

Mkataba wangu wa ghala unaisha Julai na sitauongeza. Kikao cha wazazi wa darasa la saba ni Agosti, kabla ya mtihani. Nategemea kurudi Korogwe mwisho wa Julai, Mungu akipenda, niwahi benchi.