Jiko la Spiriti la Baba Levi

Senge Nelima,

Salamu kutoka Kamukuywa. Naomba unishauri kama shangazi yangu, kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia, dada zangu watacheka na mchungaji ataona ni maneno madogo, lakini hili jambo linaninyima raha. Mume wangu, Baba Levi, alistaafu kazi yake kwenye idara ya maji mwaka jana, na tangu hapo amekuwa mtu wa kukaa kwenye kiti akiangalia barabara, haongei, hata ng'ombe akivunja ua hasemi kitu, mpaka siku moja akaniambia ati anataka kuvuka Mlima Elgon kwa miguu, aanzie upande wa Kapsakwony ashukie Endebess mpaka Kitale, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa akipita huko akienda kutafuta kazi kwenye mashamba, na yeye ameishi chini ya mlima huo maisha yake yote na hajawahi kufika juu. Senge, nilifurahi sana, nikamwambia twende wote wawili, tukapata na mtu wa kutuongoza, Kipruto, mzaliwa wa huko mlimani, tukaanza mazoezi ya kutembea kila asubuhi kuelekea Kimilili.

Sasa shida ni jiko. Magoti ya Baba Levi si mazuri na daktari amemkataza mizigo mizito, kwa hivyo akaanza kutafuta kwenye simu vitu vyepesi vya safari, na huko ndiko akaona jiko la spiriti, akachukua mkebe wa soda, akaukata, akautoboa matundu kwa msumari, na kusema kweli liliwaka, jiko lenyewe ni jepesi kama yai, na alitabasamu vile sijamwona akitabasamu tangu astaafu. Basi siku ya kulijaribu tulikuwa nyuma ya jikoni, jua la mchana likiwaka, sufuria iko juu ya jiko na maji yamekataa kuchemka. Akainama akatazama, akasema, "Limezima hili." Akachukua chupa ya maji ya kunywa, ndimo alimokuwa ameweka spiriti, akaanza kuongeza, kumbe moto ulikuwa bado upo, ni vile tu hauonekani juani, ukaruka ukapanda mpaka kwenye chupa, akashtuka akairusha, ikaniangukia miguuni na leso niliyojifunga kiunoni ikashika moto. Nilipiga nduru. Akakimbia na ndoo akanimwagia maji, moto ukazima, lakini mguu ulikuwa umeshatoka malengelenge. Na unajua alisema nini?

"Ni upepo huo, Mama Levi. Nitaongeza matundu."

Basi. Akaenda kuokota mkebe wake.

Mguu ulipopata nafuu nikaenda Kitale kwa Gurpreet, mwenye duka ambaye tumenunua kwake vifaa tangu tulipojenga nyumba. Akanionyesha jiko dogo la gesi. Nikamuuliza, "Si hili ndilo salama?" Akaniambia, "Mama, mimi nauza la gesi, nauza la spiriti pia. Yote yanapika, yote yanachoma. Mzee mwenyewe anasemaje?" Na mzee hajui hata kama nilienda. Nililinunua, nikalificha chini ya kitanda, na nimepanga asubuhi ya safari nitoe ule mkebe kwenye begi lake niutupe chooni, tukifika juu nimwambie ulipotea. Lakini nikifikiria vile atakavyopekua begi huko kwenye baridi, roho yangu inakataa. Mwisho wa mwezi tunaondoka. Niutupe, ama ninyamaze niende nikiogopa?

Ni mimi Phelista, Mama Levi.

SENGE ANAJIBU

Phelista, pole sana kwa mguu. Nimeanza na pole kwa sababu nimetafuta kwenye barua yako mahali mumeo aliposema neno hilo na sikupaona, na nadhani hilo ndilo linalokunyima raha kuliko mkebe wenyewe.

Lakini wewe nawe! Mtu mzima unanunua jiko unalificha chini ya kitanda kama umeiba? Halafu ati utupe la kwake chooni. Hebu jione mko huko juu, mvua inanyesha, yeye anatafuta kitu alichokitengeneza kwa mikono yake na wewe unamsaidia kutafuta ukijua kiko wapi. Huyo mtu amekaa mwaka mzima bila kutaka kitu chochote. Sasa ametaka kitu, na amekutaka uwe naye. Usimjibu kwa uongo.

Tuje kwa jiko. Kuchagua spiriti, mumeo hakukosea. Kwa watu wachache wanaopika chai na uji, na magoti ni mabovu, ni jiko jepesi, halina kitu cha kuharibika, na spiriti inauzwa hata Kimilili. La gesi ni zito zaidi na lazima mshuke na mtungi mtupu, ila linachemsha haraka na ukilifunga limezima kweli. Alikokosea ni kujaza jiko bila kuhakikisha limezima. Ule mkebe ubaki nyumbani. Ukigongwa na mguu unamwaga moto, na nyasi za huko juu zikishika hamtaweza kuzizima nyinyi watatu. Nendeni kwa Gurpreet, nimesema nendeni, wawili, mtafute jiko la spiriti lenye sufi isiyoungua ndani yake, ile inayofyonza spiriti isimwagike hovyo jiko likipinduka, na liwe na kifuniko cha kulizimia. Pikeni juu ya jiwe au udongo mtupu, maji yakiwa karibu, na kamwe si ndani ya hema. Spiriti ikiisha, lifunikeni jiko, lipoe kabisa, ndipo mjaze, tena kwa kikombe kidogo, si kwa chupa. Getini waulizeni askari wa hifadhi kama wanaruhusu spiriti. La gesi libebe wewe, waziwazi, kwa sababu baridi ikizidi spiriti huwa mvivu kushika.

Na hiyo chupa ya maji ya kunywa yenye spiriti, itoke nyumbani leo! Mnangoja mgeni aje na kiu? Spiriti ikae kwenye chombo chake, kilichoandikwa jina lake.

Sasa lililo gumu. Leo mkimaliza kula, usiende kuosha vyombo. Toa lile jiko la gesi uliweke mezani, umwambie ulilinunua wapi na kwa nini. Mwonyeshe mguu. Mwambie, "Baba Levi, niliungua, niliogopa, na hukuniambia pole." Halafu nyamaza. Usimsaidie kutafuta maneno, na usicheke ili mambo yapite. Mwanamume aliyemchoma mkewe kwa kitu alichojivunia ana aibu, na aibu ndiyo iliyomtuma aseme habari ya upepo. Mpe nafasi aseme lingine.

Akisema pole, kesho mwende Kitale. Asiposema, mwambie Kipruto asubiri. Mlima utakuwepo tu, na wewe usiupande na mtu ambaye huwezi kumwambia kwamba umeumia.