Seli Zangu Zimenichongea

Shoga, seli zimenichongea.

Jana maabara, nikifuta vumbi kwenye kabati langu la joto ninamokuzia seli za panya, niligusa kitufe. Joto likapanda toka nyuzi 37 hadi 42, saa nzima. Nikarudisha, nikafyata mkia.

Leo bosi kajaribu seli zetu zote, zangu na za wenzangu, kazichoma kwa nyuzi 45. Za wenzangu zimekufa. Zangu hazina habari.

"Jana zilionja joto?" bosi akaniuliza.

Nikasema hapana. Hapana, shoga, kwa kinywa changu.

Akapima. Zimejaa zile protini ambazo seli hutengeneza zikipata joto, za kushikilia protini nyingine zisiharibike.

"Zilionja," akasema, taratibu.

Mbele ya wote. Kisha akanipa karatasi niandike nilivyofanya, wenzangu wafuate.

Nimeandika: Hatua ya kwanza, futa vumbi.