Mtoto wa Upande wa Mama

Mzumbe

Mjomba Prakash, shikamoo.

Maharage ya Mgeta yatakufikia kwa basi la Jumamosi. Nimeandika hasa kwa sababu ya swali linalonisumbua tangu ujana: babu yako Chandulal alimwacha bibi yangu, au alinyimwa mtoto?

Zama za Mjerumani, Chandulal alitoka Gujarati kuja kuchonga mawe ya reli. Mkewe alifia kambini Morogoro, na kichanga chao, ndiye bibi yangu, kikanyonyeshwa na Mwanaheri, mwanamke wa Kiluguru. Kazi iliposogea Kilosa, Chandulal alikwenda kumchukua mwanawe.

"Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama," Mwanaheri alimwambia. "Mlete mjomba wake, tumkabidhi."

"Mjomba yuko ng'ambo! Baba si mimi?"

"Baba gani, hata kumbeba hujui? Kamlete."

Mnyapara alikuwa akiwahimiza watu wa reli kwa kiboko waondoke. Chandulal akaondoka, akaoa tena, hakurudi.

Mwanaheri alimsimulia bibi kwa namna mbili: mara aliondoka akilia, mara aliondoka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi huulaumu umaskini uliomfunga kwenye kazi ya reli, lakini pengine naitetea damu yangu. Bibi mwenyewe sikumuuliza kamwe kama alimngoja baba yake. Niliogopa angenijibu.

Mpwa wako,
Tatu