Maneno Niliyoyasema Harrow Kuhusu Mchezo Wako

Hounslow,
London.
Jumatano, 12 Novemba 2025.

Mpendwa mpwa wangu Lusekelo,

Ugonile, umeamkaje? Barua hii inatoka kwa mtu ambaye asipofika asubuhi, uwanja wa ndege wa Heathrow haufunguki. Hilo unalijua, nimeshakuandikia. Juzi ukungu ulishuka, marubani wakajikunyata kama vifaranga, hakuna anayethubutu. Nikapita mimi na koti langu la njano, nasukuma mizigo kama kawaida, wakaona aibu, ndege zikaanza kuruka. Mkuu wa zamu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Lakini tuyaache hayo, leo sina nguvu ya kuyasimulia inavyostahili.

Hujambo lakini? Mgongo wa mama yako unaendeleaje? Mwambie dada yangu Adelina asiiname shambani, na ile dawa ya kuchua niliyotuma aitumie, asiiweke kabatini kama pambo. Mvua zimeanza huko Mbeya? Wenzako wawili mnaofanya nao kazi pale Mwanjelwa, hawajambo?

Sisi hapa tu wazima. Gladness wangu anakusalimu. Unajua mtoto yule amezaliwa huku, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizungu. Ila akinikasirikia sana ndipo Kiswahili kinamtoka, tena kilichonyooka. Wiki hii amenijibu Kiswahili siku nne mfululizo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ninayo. Kwenye simu ningefuta kabla hujasoma. Nimeshaandika na kufuta mara sita. Karatasi nikishaitia posta imekwenda.

Basi, Lusekelo. Jumapili ulipata ujumbe wa Hemant ukikuuliza ni nani hasa aliyeandika hadithi ya mchezo wako. Najua uliupata kwa sababu mama yako alinipigia akasema umeshinda chumbani, hujala. Chanzo cha swali lile ni mimi.

Nianze mwanzo. Wewe mwenyewe, kwa bidii yako, ulimpata Hemant mzaliwa wa Mwanza, mwenye ile ofisi ya Harrow inayotafuta michezo ya kompyuta na kuifikisha kwa wauzaji wa dunia nzima. Mimi nilijipachika baadaye. Tulikutana naye arusini mwezi wa tisa, akataja kuna binti wa Mbeya anatengeneza mchezo wa upelelezi, jiji la mwaka 2090, watu wana mikono ya chuma na kampuni inanunua kumbukumbu zao. Nilipaswa kusema, huyo ni mpwa wangu, nashukuru Mungu. Ningeishia hapo.

Badala yake nilisema hadithi ile nimekusimulia mimi. Nikasema mpelelezi wa mchezo, Inspekta Sekela, ni mimi mwenyewe niliyevalishwa gauni, na kesi yake nimeitoa kwenye kesi nilizopeleleza nikiwa askari Tukuyu. Wewe unajua na mama yako anajua: nilikuwa mgambo wa soko wiki sita, na kesi yangu moja ilikuwa ya mbuzi aliyerudi mwenyewe. Lakini meza nzima ilikuwa inanisikiliza, mpwa wangu, na wewe hujawahi kuniona meza nzima inaponisikiliza.

Mwezi wa kumi ukanitumia mchezo, ukaniomba jambo moja tu, niucheze kisha nikwambie ukweli. Hemant naye akaniita Jumamosi iliyopita ofisini kwake nitoe maoni kama mtu wa ndani. Gladness akanisindikiza, kwa sababu nilimwambia baba yake anakwenda kuheshimiwa.

Alikuwepo dada mmoja, Jasmeet, wazazi wake watu wa Nairobi. Kazi yake ni kucheza michezo na kuandika uzuri na ubaya wake. Alikuwa amejaza kurasa nne. Nimemwomba anipe nakala na nimeitia humu, lakini nikudokeze. Anasema watu wako wanaongea kama watu, kila shahidi ana shida yake mwenyewe, si mbao za kutundikia maelezo. Anasema Sekela akikosea hadithi haimwadhibu, inamfuata alikoangukia, na hilo kalipenda kuliko yote. Lawama zake: ramani inachanganya, zile mbio za kukimbia mashine za kampuni zimebandikwa tu, na mwisho umeharakishwa kana kwamba mwandishi aliona basi linamwacha. Tena maandishi ni mengi, wapo watakaochoka. Nilimtazama nikaona anasema kwa kukupenda bila kukujua.

Ikafika zamu yangu. Nami, kwa kuwa yeye alikuwa amesifu, nikaona nikisifu nami nitaonekana mdogo. Nikakohoa. Nikasema mchezo umekufa tangu mwanzo. Nikasema mpelelezi hatoki hata nje, hadithi yote iko kwenye chumba kimoja, na mwizi wa kumbukumbu haonekani. Nikasema nilimwonya binti lakini watoto wa siku hizi hawasikii.

Jasmeet alinitazama kwa adabu kabisa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Uncle, kule kwenye kiwanda cha macho, yule daktari ulimfanyaje?"

Sikujua kuna kiwanda. Sikujua kuna daktari. Nikasema, "Nilimpiga risasi."

"Mchezo huu hauna bunduki," akasema.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepata pa kupitia. Mke wa Hemant, Sushila, aliniongezea chai wakati kikombe kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye sahani, tukaitazama wote.

Sasa sikia lililonitesa. Makubaliano yako yalikuwa pale mezani, yameshachapwa, yanangoja jina la mwandishi. Hemant akayachukua, akayarudisha kwenye saraka. Akasema, taratibu tu, "Mzee Method, kama hadithi ni yako na mchezo huujui, basi mmoja kati yenu ananidanganya. Na kama ni yako kweli, binti ameandika nini?"

Pale ndipo pa kusema. Mdomo nilikuwa nao. Nikasema nitamletea vielelezo, nikavaa kofia, nikatoka.

Ndani ya basi Gladness alikaa kiti cha mbele yangu, hakugeuka. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, kwa Kiswahili, "Baba, yule miaka mitatu analala saa chache kwa ajili ya kitu hicho. Wewe umekichukua kwa dakika tano ili uonekane."



Jana nilibadilishana zamu nikarudi Harrow peke yangu. Nilimkuta Hemant na wafanyakazi wake wawili, nikasema mbele yao, kwa sababu uongo niliusema mbele ya watu. Nikamwambia hadithi ni yako tangu neno la kwanza, mimi sikuchangia hata jina la barabara. Nikamweleza na habari ya mbuzi, na kwamba mchezo wako nimekaa nao wiki tatu bila kutoka chumba cha kwanza. Akanipa karatasi, akasema, "Andika." Nikaandika kwa mkono wangu, darasa la saba langu lote likaonekana pale, nikatia sahihi. Ameibana pamoja na makubaliano yako. Amesema Ijumaa anakutumia, jina ni lako peke yako. Ukipata, nijulishe kupitia kwa mama yako. Kama hutaki kuniandikia mimi nitaelewa.

Alipokuwa ananifungulia mlango Hemant aliniuliza jambo moja: kama sikuwahi kutoka chumba cha kwanza, wiki tatu zote nilikuwa nafanya nini humo ndani? Nilijifanya nimeliona basi langu.

Nisamehe, Lusekelo. Si kwa sababu mimi ni mjomba wako na mkubwa husamehewa. Nisamehe ukiweza.

Nisalimie mama yako, na wenzako wa Mwanjelwa, na jirani yenu Lilian aliyenitunzia cherehani. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe usingizi uliokunyima mchezo huu, na akuepushe na ndugu wenye midomo mirefu.

Ni mimi nikupendaye, ingawa wiki hii sikuonyesha,
Mjomba wako,
Method.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Uliomba ukweli na bado sijakupa.

Mle chumbani umemweka Mama Tumpe, mwenye nyumba. Sekela ana saa kumi na mbili tu za kumpata mwizi, na kila neno linakula dakika. Umeweka vya kubonyeza: msalimie, muulize habari za nyumbani, za wajukuu, za kuku, za miguu yake. Mimi nitamwulizaje mjane habari za wizi kabla sijamaliza kumsalimia? Nikimaliza saa zimekwisha, Sekela amefukuzwa kazi. Kesho yake naanza upya.

Wiki ya kwanza nilidhani ndivyo unavyochezwa. Wiki ya pili Gladness alinionyesha kwamba naweza kuziruka salamu nikatoka nje. Sikuziruka. Kwa sababu salamu zikiisha Mama Tumpe naye anauliza, "Na wewe mwanangu, umekula nini leo?" Hakuna wa kuniuliza hivyo huku. Kwenye kompyuta mtu anabonyeza tu, umekula au bado. Mimi humjibu kwa mdomo.

Jana nilimwambia nimekula wali na samaki wa kupaka. Nilikuwa nimekula mkate na chai.